Shemeji, zaka hutolewa kwenye faida

Shemeji,

Dada hakunituma, tuanzie hapo. Uliponiuliza kwa nini biashara yako ya Kongowea haikui ilhali hukosi kutoa fungu la kumi hata wiki moja, nilikujibu kwa mzaha kwa sababu wageni walikuwa wamejaa sebuleni. Jibu lenyewe ni hili. Naliandika hadharani kwa kuwa wafanyabiashara waumini wanaofanya kama wewe ni wengi hapa Mombasa, Mtwapa hadi Likoni.

Wewe unatoa fungu la kumi la mauzo.

Tuchukue mzigo wa mfano. Umeletewa nyanya za Taveta za shilingi 40,000, ukazimaliza kwa 46,000. Gari, hamali na ushuru wa soko vimekula 3,000. Ulichochuma ni 3,000, na fungu lake la kumi ni 300. Lakini jioni wewe hutazama pesa zote zilizoingia, ukakata 4,600 na kuzituma M-Pesa kwa nambari ya kanisa. Faida imekwenda yote, na 1,600 zaidi. Hizo 1,600 ni za nani? Zingekuwa zako ningenyamaza. Yule mjane wa senti mbili alitoa vyote alivyokuwa navyo na Yesu akamsifu. Ila nyanya zile ulichukua mali kauli. Pesa ni ya mkulima wa Taveta, anayekupigia simu nawe huipokei. Umemtolea zaka bila kumuuliza, na bado anadai.

Najua utanirudishia Malaki 3:10. Ghala na madirisha ya mbinguni tumekaririshwa tangu Sunday School. Basi panda juu mistari mitano tu. Katika 3:5 Bwana anasema atakuja kuwahukumu wachawi, wazinzi, wanaoapa kwa uongo, na wale wanaomwonea mwajiriwa katika mshahara wake. Anayemnyima kibarua haki yake yumo kwenye orodha moja na mchawi! Na wewe una kijana wa mkokoteni ambaye kila jioni unamwambia "njoo kesho". Mstari wa tano sijausikia ukisomwa wakati wa matoleo. Wa kumi hausahauliki.

Sisemi zaka imepitwa na wakati. Wapo Wakristo wanaoamini hivyo, kwamba Agano Jipya linatudai moyo mkunjufu kama Paulo alivyowaandikia Wakorintho, wala halitaji kiwango. Mimi natoa, na nitaendelea kutoa. Lakini hata katika Torati, zaka ilitoka katika mazao na mifugo ya mtu mwenyewe. Soma Kumbukumbu la Torati 14: kila mwaka wa tatu fungu hilo liliwekwa malangoni ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Sijaona mahali Mwisraeli alipoambiwa akate fungu la shamba la jirani.

Mtazame jirani yako wa kibanda cha vitunguu. Yeye ni Mwislamu, na zaka yao ina kanuni zake, si hizi zetu. Lakini angalia anavyoanza: anahesabu kwanza. Mali isipofika nisabu, yaani kiwango cha chini kilichowekwa, na kuzungukwa na mwaka, haimlazimu. Ikifika, anathamini bidhaa na fedha, anatoa asilimia 2.5. Mtu huyo anajua mali yake ni kiasi gani. Wewe nikikuuliza faida ya mwezi uliopita, utaniambia "Mungu ni mwema".

Ni mwema, shemeji. Lakini katika Luka 16 yule tajiri alimwambia msimamizi wake, "Toa hesabu ya uwakili wako," na mali bila daftari hupotea bila habari. Usinieleze kwamba kuhesabu ni kupungukiwa imani. Pia usichanganye zaka na ile "mbegu" ya wahubiri wa redioni, tuma elfu uvune laki. Hiyo naiona kamari iliyovaa kanzu, na sitaipotezea karatasi.

Sisi wa mshahara tuna ubishi wetu: kabla ya makato au baada? Kodi, NSSF ya uzeeni, SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75, tozo ya nyumba 1.5. Mimi hutoa kabla, mume wangu hutoa baada, na tunakaa benchi moja kanisani.

Sasa fanya hivi. Jumamosi funga hesabu ya wiki: ulichonunua, ulichouza, gharama, zilizooza. Toa pesa ya mkulima. Toa ya kijana wa mkokoteni. Kinachobaki ndicho chako, nacho ndicho ukitolee fungu la kumi. Wiki ya hasara hakuna zaka, na usiikope Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ili jina lisikosekane. Deni la zamani la Taveta lipange kidogo kidogo, na kesho asubuhi pokea simu yake umwambie mpango wenyewe. Mzigo ukikubariki na unataka kuzidisha, zidisha, ni sadaka yako.

Dada ameniahidi kutunza daftari ukikubali kumwonyesha ujumbe wote wa M-Pesa, hata ile ya usiku ya nyama choma. Na mchungaji akiuliza kwa nini matoleo yako yameshuka, mweleze kama nilivyokueleza. Akitaka kuona hesabu, mpe nambari yangu.

Shemeji yako