Mmeiandika ngome ya Schlaining mkaiacha amani nje

Mheshimiwa Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia, lakini makala mliyochapisha juu ya ngome ya Schlaining, katika jimbo la Burgenland nchini Austria, sikuweza kuinyamazia. Mwandishi wenu alisifu daraja, kuta nene na silaha za kale, kisha akawaelekeza wasomaji mahali pazuri pa kupiga picha. Kituo cha amani kilichoanzishwa hapo mwaka 1982, wakati mpaka wa Hungary uliokuwa karibu ungali umefungwa kwa seng'enge, na ambacho mwaka 1995 kilitunukiwa na UNESCO tuzo ya elimu ya amani, alikipitia juu juu tu.

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Nilipowapeleka huko wanafunzi waliotutembelea kutoka nyumbani, kampuni ya utalii tuliyoilipa ilitupa mwongozaji aliyekuwa na haraka ya ajabu. Tukiwa uani, binti mmoja aliuliza kwa adabu kwa nini watu wa amani wamekwenda kukaa katika jengo la vita. Mwongozaji alitazama saa yake, akapiga makofi mawili, akasema basi halitatungoja, twende kwenye silaha. Swali lile lilistahili jibu, na jibu limo katika historia ya ngome yenyewe! Bwana wake mashuhuri, Andreas Baumkircher, ndiye aliyelilinda lango la mji wa Wiener Neustadt mwaka 1452 kumwokoa Kaisari Friedrich III. Baadaye wakagombana, deni ambalo kaisari hakumlipa likiwa mojawapo ya sababu, naye akaasi. Mwezi Aprili mwaka 1471 aliitwa katika mji wa Graz kwa mazungumzo, akiwa amepewa ahadi ya usalama, akakamatwa na kukatwa kichwa bila kuhukumiwa. Vijana wanaotoka katika nchi ambako mikataba hutiwa saini asubuhi na kuvunjwa jioni walipaswa kusimuliwa habari hiyo papo hapo, kwa sababu mpatanishi yeyote anayefundishwa ndani ya kuta zile hana budi kujua kinachotokea pale ahadi ya usalama inapokuwa mtego.

Wala makala haikutaja sinagogi lililo katika mji huohuo, ambalo waumini wake walifukuzwa mwaka 1938 na ambalo baadaye lilifanywa maktaba ya kituo cha amani. Sisi nasi tulipitishwa pale mbio, hata bila kuonyeshwa mlango.

Naomba basi makala hiyo iandikwe upya, Baumkircher apewe aya mbili na sinagogi lipewe aya moja, na picha ya daraja ipunguzwe ili nafasi ipatikane. Kampuni zinazopeleka wanafunzi huko nazo ziongeze saa moja na nusu katika ratiba: saa nzima kwa maswali, na nusu saa ya kuingia katika sinagogi.

Wako msomaji,
Vienna