Sahibu, nisaidie geti la skuli

Wete, Pemba

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama miguu imepata nafuu na anakusalimu sana. Kimya changu ni msimu tu, karafuu zimeanikwa mpaka barazani, hatuna pa kukaa. Leo nimeshika kalamu kwa jambo moja: geti la skuli.

Lile la bluu limekwisha. Unakumbuka lilikuwa la paipu za mraba, na kila mwaka tukilipaka rangi. Kumbe kutu ilikuwa inakula kwa ndani. Maji ya mvua yanapenya kwenye maungio, hayana pa kutokea, na upepo wa chumvi ndio unamalizia. Ubawa wa kushoto umemeguka chini kabisa. Tushukuru watoto walikuwa madarasani. Kamati imekaa, na wengi wanataka bati liwambwe juu ya paipu kama zile zile, lipakwe bluu, yaishe. Nimewaomba wasinunue kitu mpaka nisikie kutoka kwako, wewe fundi chuma wetu huko Unguja.

Mtoto wa Bi Time, yule wa Ubelgiji, alipokuja Idi alinionesha picha za ukumbusho wa Vita Kuu ya Kwanza ulioko Langemark, karibu na mji wa Ieper. Mwaka 2016 wahunzi wa nchi nyingi walikusanyika Ieper, wakawasha mioto uwanjani, wakafua watu wanaangalia. Katikati ya ukumbusho wamesimamisha bamba la chuma la mita 7, limezungukwa na maua ya chuma 2016, sawa na mwaka wenyewe, na vipande vya uzio vilivyofuliwa na mikono ya nchi mbalimbali. Wengine huenda ni wajukuu wa watu waliopigana pale pale! Sikulala vizuri usiku ule. Na kule Cheki, kwenye ngome ya Helfštýn, wahunzi wa dunia wana mkutano wao kila Agosti tangu 1982.

Nikajiuliza wanaelewana vipi, huyu Mjapani, huyu Mtaliano. Mzee Kombo, muhunzi wetu wa huku, akanijibu bila hata kuziona picha: muhunzi anayeshika koleo hugonga kwa nyundo ndogo pale anapotaka, mpigaji wa nyundo kubwa hufuata pale pale, na nyundo ndogo ikigongwa juu ya fuawe tupu, lile chuma la kufulia, maana yake basi. Hapo hapana haja ya mkalimani.

Sasa nalitaka geti letu liwe hivyo. Liwe na mbawa mbili, kila ubawa fremu ya chuma kizima, si paipu, na ndani ya kila fremu vipande vinne vya sentimita 60 kwa 90. Vyote ni vinane. Kila fundi achukue kimoja, akifue kwao apendavyo: wa Unguja, wa Pemba, wa Mombasa, wa Lamu, na yule rafiki yako wa Muscat akikubali. Kinachotubana ni vipimo vya nje tu na unene wa chuma. Fremu itengenezwe kwanza, na kila kipande kiwe kidogo kuliko nafasi yake kwa milimita 3 kila upande, kisha kifungwe kwa ribiti, ile misumari ya kupondwa kichwa. Kikiharibika kimoja kinatolewa peke yake, geti linabaki limesimama. Kwenye kamati, hapo ndipo mwalimu mkuu alipoanza kutikisa kichwa kukubali.

Mzee mmoja akasema hayo ni mambo ya Wazungu. Nilimjibu kwa adabu, lakini nilimjibu. Zile nguzo za chuma za Beit al-Ajaib, jumba la 1883 huko Unguja, zilikuja kwa meli. Milango ya Mji Mkongwe ina mkono wa Muhindi, mkono wa Muarabu na mkono wa Mswahili katika mbao moja. Sisi kuchanganya mikono tumeanza zamani.

Lakini nikwambie linaloniuma khasa, na hili kwenye kamati sikulisema. Mzee Kombo bado anafua misumari ya mashua kwa makaa ya vifuu, na hana mwanafunzi hata mmoja. Vijana wote wamekwenda kwenye kuchomelea, na siwalaumu, ndiko kwenye pesa. Lakini yeye anajua kufunga vyuma viwili kwa pete ya moto: anaivisha ikiwa nyekundu, ikipoa inajibana yenyewe, wala huoni alama ya kuchomelea popote. Nani mwengine huku anajua hivyo? Naitaka ile siku ya kufunga vipande aifanye pale pale uwanjani kwa skuli, watoto wamezunguka, wavukute wao wenyewe. Labda mmoja atashikwa na hamu. Akipatikana mmoja tu mimi nitaridhika, hata geti likichelewa mpaka mvua za masika.

Uzito ndio unaonitia wasiwasi. Bawaba za kawaida hazitabeba, nadhani ubawa ukae juu ya kigingi chini na nguzo iwe ya mawe. Wewe ndiye unayejua.

Basi nijibu haya. Utachukua kipande kimoja? Wale wenzako wa Mwanakwerekwe wanaweza kutoa siku zao bila ujira, chuma tukinunua sisi? Flati, vile vyuma bapa, za milimita 12 siku hizi zinauzwaje huko? Nani anatia chuma zinki ya kuzuia kutu Unguja, au tuagizie Dar? Wa Lamu nimwandikie mimi au umpigie wewe, maana mimi hanijui? Na unaweza kuja na boti mpaka Mkoani siku mbili tu, uipime njia ya skuli kwa macho yako? Chumba chako kipo, na mama keshaanza kuuliza utakula nini.

Kamati inakaa Ijumaa baada ya sala. Nipigie kabla, usiku baada ya Isha, mchana huku simu hazishiki.

Wasalaam,
Sahibu yako wa Wete