Mhariri, presha ya mimba haiishii leba

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu enzi lilipokuwa linatufikia huku Nachingwea likiwa la jana, na sijawahi kukusumbua. Lakini ile habari yenu ya upimaji wa bure wa presha uwanjani imenishinda. Mmeandika kwamba presha ya mimba huisha mama akishajifungua, mkaona haitoshi, mkaiweka na kwenye kichwa cha habari. Huisha kwa nani?

Mimi ni mwalimu mstaafu. Mimba yangu ya kwanza ilinivimbisha uso na miguu, kichwa kikawa kinagonga, mbele ya macho vimulimuli, mwisho nikaangukia degedege palepale wodini. Wakunga walinivusha, Mungu awalipe. Nikaruhusiwa, nikaambiwa nirudi baada ya wiki sita. Nikarudi. Mtoto akapimwa uzito, akachanjwa, mimi nikapewa pole. Miaka ikapita, nikaanza kuhema nikitoka darasani kwenda ofisini, usiku silali mpaka niegemee mito. Hospitali niliyokwenda, kijana wa zamu aliniuliza kama navuta sigara, kama nakunywa, kama marehemu baba alikuwa na presha, kama napenda ng'onda. Akafika hadi kuniuliza kama nina mawazo ya ndoa! Habari za uzazi hakuzigusa. Nilipomtajia mwenyewe kifafa cha mimba, akatabasamu: "Mama, hayo si ya zamani?" Ya zamani, na moyo ulikuwa umeshatanuka. Hayo nikaja kuyasikia Dar es Salaam, kwa wataalamu wa moyo, ambao mimba zangu waliziulizia kabla hata sijakaa vizuri kwenye kiti.

Na wala si siri ya wataalamu wa Dar. Mwaka 2007 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha majumuisho ya tafiti nyingi: mwanamke aliyewahi kupata tatizo hili la presha ya mimba inayoweza kuleta kifafa, uwezekano wake wa kuja kuwa na presha ya kudumu ni karibu mara 4 ya mwenzake, na wa ugonjwa wa moyo au kiharusi karibu mara 2. Mwaka 2011 Chama cha Moyo cha Marekani kikaliingiza kwenye orodha ya vihatarishi vya moyo kwa wanawake. Kondo likitoka, kweli, uvimbe unashuka na mkojo unasafika, lakini mishipa ya damu iliyoumia haitoki na kondo! Na hizo siku za mwanzo baada ya kujifungua, presha inaweza kupanda upya na kifafa kikamkuta mzazi yuko nyumbani anakunywa uji wake, watu wanasema amepandwa na mashetani. Halafu gazeti linaandika "huisha". Binti wa miaka 25 akisoma hivyo, atarudi kupima presha kutafuta nini?

Akirudi pia, hapokelewi. Siku za kliniki ya presha benchi ni letu wazee. Binti akijitokeza anaambiwa wewe mdogo, una presha ya nini, au mashine haina betri. Msimu wa korosho magari ya matangazo yanaingia hadi vijijini kututangazia mnada, spika inatingisha mabati, ila betri nne za mashine hazina fungu. Na huko uwanjani mlikokusifia, jirani yangu aliambiwa presha yake ni 160, akapewa fulana. Karatasi ya kuonyesha kwa daktari hakupewa. Fulana anaifanyia usafi.

Mimi napendekeza muhuri. Kadi ya kliniki ya mtoto haipotei, maana bila kadi hakuna chanjo. Mama aliyepata presha ya mimba agongewe kwenye kadi hiyo: MAMA APIMWE PRESHA. Mtoto anapelekwa wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha miezi 9 na 18, na mama ndiye aliyembeba, hakuna nauli ya ziada. Baada ya hapo aandikiwe kupima kila mwaka, hata akiwa bibi.

Kwa zahanati ya mtaani kwetu, wino nitanunua mimi. Uwe mwekundu wa mafuta, kwani huu wa bluu unafutika kadi ikilowa mkojo wa mtoto.

Mwalimu mstaafu,
Nachingwea, Lindi