Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama cha kuweka na kukopa, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda

Ndugu wanachama, mama zetu na baba zetu, amani ya Mungu iwe nanyi.

Hesabu ataisoma mweka hazina, na sanduku litafunguliwa mbele yenu na wenye funguo wote watatu. Mimi nina jambo moja lililotusumbua mwaka mzima.

Julai 2023 Mpango wa Chakula Duniani ulitupanga katika makundi matatu: wengine wakabaki na asilimia 60 ya mgao, wengine 30, wengine hawapati kitu. Mwaka 2025 majina mengi zaidi yakafutwa. Sisi tulikuwa tumezoea kuhesabu mwezi kwa siku ya mgao, na hata mikopo tuliitoa hivyo. Mtu alisema, "Nitalipa msaada ukitoka," tukaandika. Msaada haukutoka, na baadhi ya mikopo hiyo haijarudi mpaka leo. Kosa hilo ni la kamati, nami ndiye niliyeiongoza.

Sasa hatumkopeshi mtu kabla hajatueleza kazi atakayoifanya. Mama mmoja alichukua mkopo wa mbegu za maharage, akakodi shamba kwa wenyeji, maana kiwanja tulichogawiwa hakilishi nyumba ya watu saba. Alilipa kabla ya siku yake. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kusafiri. Wenzetu katika nchi nyingine wanaililia ruhusa hiyo, nasi tumeiweka kama nguo ya sanduku.

Lakini nimesikia 2 Wathesalonike 3:10, asiyetaka kufanya kazi na asile, ikisomwa mbele ya mzee asiyeona, aliyefutwa kwenye orodha ya mgao. Iliniuma sana. Paulo anamsema mtu asiyetaka kufanya kazi, asiyeweza hakumtaja. Ruthu aliinama kutwa nzima kuokota masazo, ni kweli, ila Boazi, mwenye shamba, naye aliwaagiza vijana wake wamwachilie mengine katika miganda. Wazee wetu wanamhitaji Boazi, na hapa hatuna mwingine ila sisi.

Kwa hiyo kamati inaomba kura mbili. Mchango wa mfuko wa jamii uwe maradufu, na wa kwanza kusaidiwa wawe wasioweza kulima. Pili, waliokopa kwa ahadi ya msaada wapewe muda wa msimu huu, walipe kwa mavuno au kwa siku za kazi katika shamba la chama. Mvua imeshaanza, kwa hiyo naomba tupige kura kabla ya chakula.