Kocha anashinda na bado anatimuliwa, nyie mnaandika "matokeo mabovu"

Mhariri, shikamoo kama umenizidi, kama ni kijana mwenzangu basi mambo vipi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti naanza kulisoma kwa nyuma kwenye michezo, na leo nimeshindwa kunyamaza kuhusu habari za Marekani mnazozibana kwenye kona chini ya matangazo. Kocha wa kikapu akitimuliwa mnaweka mistari miwili, "kutokana na matokeo mabovu", basi, habari imeisha. Matokeo mabovu yapi jamani? Hawa watu wanatimuliwa huku wanashinda!

Memphis Grizzlies, timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, nilianza kuifuata 2009 kwa sababu ya Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, aliyechaguliwa wa pili kwenye drafti nzima (zamu za timu kuchagua wachezaji wapya), mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Thabeet hakukaa sana, Februari 2011 wakampeleka Houston, ila timu ikawa imeshaniganda. Sasa sikiliza vituko vya timu yangu. 2013 kocha Lionel Hollins kashinda mechi 56, na mpaka wakati ule haikuwahi kutokea Memphis ishinde nyingi hivyo kwenye msimu mmoja, kaifikisha fainali ya kanda ya magharibi, mkataba ukaisha hawakumpa mwingine. Machi 2025 ikawa zamu ya Taylor Jenkins, kocha mwenye ushindi mwingi kuliko yeyote kwenye historia ya timu, kashinda 44 kapoteza 29, zimebaki mechi 9 tu za msimu wa kawaida, kaambiwa kwaheri. Akaachiwa timu Tuomas Iisalo, Mfini, na mechi ya kwanza tu ya mtoano na Oklahoma City tukapigwa kwa tofauti ya pointi 51, mwisho tukatoka 4-0. Iisalo mwenyewe simlaumu, kwa wiki chache vile hata angekuwa nani.

Kidonda hakijapoa, siku 11 baadaye Denver nao wakamtimua Michael Malone, mtu aliyewapa ubingwa wao wa kwanza 2023, zimebaki mechi 3, TATU Mhariri. Siku hiyohiyo na meneja mkuu Calvin Booth akaondolewa, na iliandikwa sana kwamba hao wawili walikuwa haziivi, mmoja anataka vijana wapewe dakika mwingine anataka kushinda leo. Hiyo ndo habari, sio "matokeo mabovu". Halafu Juni ikafika New York, Tom Thibodeau kawapeleka Knicks fainali ya kanda ambayo mara ya mwisho waliiona 2000, akatimuliwa, na kiti akapewa Mike Brown, huyohuyo ambaye Sacramento walimfukuza Desemba 2024 baada ya kuwatoa kwenye ukame wa miaka 16 bila mtoano. Yaani ni kuhamishana tu.

Chukueni makocha waliobeba ubingwa wa NBA kuanzia 2019 hadi 2023 mtaona wenyewe: Nick Nurse wa Toronto katimuliwa, Frank Vogel wa Lakers katimuliwa, Mike Budenholzer wa Milwaukee katimuliwa, Malone nimeshamsema. Kapona Steve Kerr wa Golden State peke yake. Na Vogel na Budenholzer wote walienda Phoenix na kila mmoja alipewa msimu mmoja tu akaonyeshwa mlango, hapo ujue hata Monty Williams aliyekuwepo kabla yao aliondolewa 2023 wakati miaka miwili nyuma aliifikisha Phoenix fainali.

Sasa nageukia besiboli, maana hapo ndo mlinikera zaidi. Ohtani wa Dodgers ya Los Angeles mnamwandika, sawa, hom-rani 54 (kupiga mpira mpaka nje ya uwanja) na kuiba besi mara 59 (kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe) kwenye msimu wa 2024 hakuna binadamu aliyewahi kufika hata 50 kwa 50, anastahili. Ila Julai 2 mwaka 2025 Clayton Kershaw wa Dodgers alimtoa mpigaji wa 3,000 kwa straiki (straiki tatu mpigaji anatoka), mrushaji wa 20 tu kufika hapo tangu ligi kuu ianze, na nyie kimya, hata mstari. Kuna warushaji watatu tu walioifikisha 3,000 wakiwa na timu ileile moja, yeye na Walter Johnson na Bob Gibson. Usiku ule dhidi ya White Sox alihitaji watatu, akapata wawili, na raundi ya sita inakuja mkono umeshachoka. Kocha Dave Roberts angeweza kumtoa na kanuni zinaruhusu, kampandisha tena. Katikati ya raundi mwenzao Max Muncy akaumia goti pale besi ya tatu, mechi ikasimama, uwanja mzima umepoa, Kershaw anasubiri na mpira mkononi. Halafu mpira wake wa 100 wa usiku ule, wa taratibu unaokata pembeni, Vinny Capra, mpigaji wa White Sox, kausindikiza kwa macho tu. Straiki ya tatu. Watu wote wima wanapiga makofi.

Na huyo Roberts ndo nilitaka kufika. 2022 Dodgers walishinda mechi 111 wakaenda kufungwa na San Diego, 2023 wakashinda 100 wakafutwa 3-0 na Arizona, na mashabiki wa Los Angeles walikuwa wanamtaka atoke jana sio leo. Ingekuwa NBA angekuwa kijiweni. Uongozi ukakaa naye, akachukua ubingwa 2024, akachukua tena 2025, ile mechi ya saba na Toronto iliyoisha huku kwetu kumeshakucha Jumapili na watu wanaenda kanisani. Na mechi ya tatu ya fainali hiyo, ile ndefu ya raundi 18 (kawaida ni 9), wapinzani wamejaa besi zote tatu, kamwita nani? Kershaw, ambaye alishatangaza kustaafu, kamtoa mtu mmoja tu aliyehitajika na raundi ikaisha.

Sisemi kocha asiguswe kabisa. Detroit walimpa Monty Williams mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 78.5, akashinda 14 akapoteza 68, humo ndani kuna mechi 28 za kupoteza mfululizo, hapo hata mi ningemfukuza. Wakamleta JB Bickerstaff, ambaye Cleveland walitoka kumtimua, wakashinda 44 msimu uliofuata. Na Cleveland nao bila yeye wakashinda 64 kwa Kenny Atkinson, kwa hiyo wakati mwingine kutimuana kunawafaa wote wawili. Ila mechi 3 zimebaki? Hiyo ni hasira ya matajiri, na msomaji anatakiwa aambiwe hivyo. Wenzangu wa Yanga wanaelewa, Novemba 2024 Gamondi bingwa wa nchi katimuliwa kwa kupoteza mechi mbili za ligi.

Kwa hiyo ombi langu dogo, kocha akitimuliwa wekeni kashinda ngapi kapoteza ngapi, mkataba umebaki miaka mingapi na nani kasaini barua, nafasi ipo mkipunguza ile picha kubwa ya mchezaji anashuka kwenye gari. Na ratiba za NBA mnazochapa mziweke kwa saa za kwetu tafadhali, mechi ya Memphis ya saa 1 jioni kwao kipindi cha baridi kwetu ni saa 10 alfajiri, kuna watu wanakaa macho kuanzia saa 1 jioni ya Dar wakisubiri kitu ambacho bado saa 9.

Mdau wa kikapu na besiboli,
Dar es Salaam