Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya kuhusu gharama ya dawa za kutafuta ujauzito

Kwa: Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: GHARAMA YA DAWA ZA CHETI KWA WANAOTAFUTA UJAUZITO

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia sisi wafamasia, wauguzi na wataalamu wa maabara tunaowahudumia watu wa Dodoma na Singida wanaotafuta mtoto. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mtu mmoja kati ya sita hupata tatizo la ugumba wakati fulani wa maisha yake. Watu hao wapo Chamwino, Bahi, Kongwa na Manyoni kama walivyo kwingine, na wanapolipia dawa kutoka mfukoni, fedha hiyo ni ya alizeti, ya mbuzi au ya mkopo wa kikundi.

Bei ya dawa ni tatizo, hatukatai. Lakini tunachokiona kaunta kila wiki ni kwamba fedha nyingi huteketea kwa dawa iliyonunuliwa kabla ya kipimo, dawa iliyonunuliwa kupita kiasi, na dawa iliyoharibika njiani. Yote matatu yanarekebishika kwa maelekezo kutoka ofisini kwako.

Tuanze na vidonge, maana ndiko wengi wanakoanzia. Mwanamke akisema hajashika mimba na hedhi yake haieleweki, mara nyingi hutoka na cheti cha klomifeni, ambayo wengi wanaiita Clomid, siku hiyo hiyo. Ni dawa nzuri na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kazi yake ni kuamsha yai lisilopevuka. Mirija ya uzazi ikiwa imeziba pande zote mbili, au mume akiwa hana mbegu, hata ainywe mwaka mzima hatashika mimba. Huku kwetu Afrika, mirija iliyozibwa na klamidia au kisonono cha zamani ni sababu kubwa ya ugumba, na karibu nusu ya wenza wenye tatizo hili mwanaume naye ana mchango. Kumwandikia mwanamke klomifeni mwezi wa nne, wa tano, wa sita bila mume kupimwa hata mara moja ni kumla fedha zake.

Kipimo cha mbegu ni cha bei ndogo ukilinganisha na dawa zitakazofuata, ila huharibika kirahisi. Mwanaume akae siku 2 hadi 7 bila kutoa mbegu. Chombo kiwe cha maabara. Kondomu ya kawaida haifai, kwa sababu mafuta yake hudhuru mbegu. Sampuli imfikie mpimaji ndani ya saa moja. Sasa mtu wa Mpwapwa akiambiwa alete sampuli kutoka nyumbani, atapimiwa mbegu zilizokufa ndani ya basi, kisha ataanza kununua vitamini za miezi sita asizozihitaji. Tunaomba kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na chumba cha faragha cha kutolea sampuli, chenye mlango unaofungwa na sinki, karibu na maabara. Na majibu yakiwa mabaya, kipimo kirudiwe kabla ya dawa yoyote kuandikwa.

Kosa jingine dogo linalorudiwa kila siku ni kipimo cha projesteroni cha kuthibitisha kwamba yai limetoka. Wengi huandikiwa "siku ya 21" bila kuulizwa mzunguko wao ni wa siku ngapi. Kipimo kinatakiwa siku 7 hivi kabla ya hedhi inayotarajiwa. Mwenye mzunguko wa siku 35 apime siku ya 28. Akipimwa siku ya 21 ataambiwa yai halikutoka, dozi itaongezwa, na mwezi unaofuata atalipa mara mbili kwa kosa la kalenda.

Kwa wanawake ambao yai halipevuki kwa sababu ya ovari zenye vifuko vingi, dawa inayotangulia siku hizi ni letrozoli. Utafiti wa Marekani wa wanawake 750, uliochapishwa mwaka 2014, ulionesha kwamba waliojifungua watoto hai walikuwa asilimia 27.5 kwa letrozoli na asilimia 19.1 kwa klomifeni. Hapa, Mheshimiwa, kuna mambo matatu yanayowagharimu watu wetu.

La kwanza ni pakiti. Letrozoli ilitengenezwa kwa saratani ya matiti, ambapo mgonjwa humeza kidonge kimoja kila siku, ndiyo maana pakiti nyingi zina vidonge 30 vya miligramu 2.5. Anayetafuta mimba humeza kwa siku 5 tu, kwa kawaida kuanzia siku ya 3 ya hedhi: vidonge 5 kwa dozi ya kuanzia, 10 dozi ikipanda hadi miligramu 5, na 15 ikifika 7.5. Duka likikataa kuvunja pakiti, mwanamke analipia 30 kwa ajili ya vitano. Na wauzaji wana sababu ya kukataa: namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi mara nyingi zimechapwa ukingo mmoja tu wa karatasi ya vidonge, kwa hiyo anayekatiwa upande wa pili anaondoka na dawa isiyotambulika. Baraza la Famasi likitoa mwongozo wa mstari mmoja, kwamba vidonge vikatwe vikiwa ndani ya karatasi yake na namba hizo ziandikwe kwa kalamu kwenye bahasha, gharama ya mwezi wa kwanza itashuka hadi moja ya sita ya ilivyo kwa anayelazimishwa kununua pakiti nzima.

La pili ni karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya pakiti. Inasema dawa ni ya saratani, kwa wanawake waliokoma hedhi, na isitumiwe na mjamzito. Dada anaisoma akifika nyumbani, anaogopa, anatupa dawa. Aelezwe akiwa bado kaunta: dawa hunywewa mwanzoni mwa mzunguko, nguvu yake mwilini hupungua nusu kila baada ya siku 2 hivi, na hadi mimba ije kujipandikiza imebaki kidogo sana. Ahakikishe tu hana mimba kabla ya kuanza mzunguko mwingine.

La tatu ni bima. Dawa iliyosajiliwa kwa saratani, ikiandikwa kwenye fomu yenye utambuzi wa ugumba, inajenga hoja ya kukataliwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekupa nafasi ya kulimaliza hili. Tunaomba kitita cha mafao kitaje klomifeni na letrozoli kwa majina, kwa matumizi ya kupevusha yai, hadi mizunguko 6, kwa sharti kwamba majibu ya mbegu za mume na hali ya mirija yameambatanishwa. Sharti hilo linaulinda mfuko na linamlinda mwanamke vilevile. Baada ya mizunguko 6 yai likiwa linatoka na mimba haijashika, kuendelea na vidonge hivyo hivyo hakuna maana, apewe rufaa.

Sindano ndizo zinazofilisi familia. Katika upandikizaji wa mimba (IVF), ambapo mayai huvunwa na kurutubishwa maabara, homoni ya kukuza mayai, FSH, hudungwa kila siku kwa siku 8 hadi 12, mara nyingi uniti 150 hadi 300 kwa siku. Chukua dozi ya uniti 225 kwa siku 10: ni uniti 2,250, yaani vichupa 30 vya uniti 75. Juu yake kuna sindano za kuzuia yai lisitoke mapema, sindano ya homoni ya hCG ya kukamilisha upevukaji, na projesteroni ya kuuandaa mji wa mimba. Maduka machache yanayoagiza huagiza kidogo kidogo, kwa bei ya mnunuzi mdogo.

Hatuombi kitita cha msingi kilipe upandikizaji wote. Tunajua mfuko una ukubwa wake. Tunaomba Bohari ya Dawa izinunue kwa wingi na kuziweka pia katika kanda yake ya Dodoma. Bohari ndiyo iliyopewa kazi ya kuratibu ununuzi wa pamoja wa dawa kwa nchi za SADC, kwa hiyo uzoefu wa kununua pamoja upo nyumbani. Zabuni isifungwe kwa FSH ya maabara pekee, ile ya kalamu. Ile inayosafishwa kutoka kwenye mkojo kwa kawaida ni nafuu, na tafiti zilizolinganisha hazikuona tofauti ya maana katika idadi ya watoto wanaozaliwa. Mwongozo wa matibabu useme pia kwamba kuvuka uniti 300 kwa siku hakuna faida iliyothibitika. Daktari anayeandika 450 kwa mwanamke mwenye mayai machache anaongeza vichupa, na matumaini yanabaki pale pale.

Agizo la sindano ligawanywe mara mbili. Mgonjwa alipie dozi za siku 5 za mwanzo, apigwe utrasaundi, ndipo alipie zilizobaki kulingana na ovari zilivyoitikia. Mizunguko mingine husitishwa katikati, na vichupa vilivyotoka dukani havirudishwi, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha vilikaa kwenye joto gani. Utaratibu huu utafanya kazi tu kama stoo inahakikisha nusu ya pili ipo. Sindano ikikosekana siku ya 6, fedha yote ya awali imepotea.

Kuhusu joto tunasisitiza, kwa kuwa Dodoma si Ulaya. Baadhi ya sindano hizi hutakiwa nyuzi 2 hadi 8. Nyingine zimeandikwa kwamba zinavumilia joto la chumba, lakini maana yake ni nyuzi 25. Mwezi wa Oktoba na Novemba chumba cha bati Dodoma kinapita 30 kabla ya adhuhuri. Na wengine huharibu dawa kwa kuilinda kupita kiasi: kichupa kikilala juu ya barafu moja kwa moja kinaganda, na homoni iliyoganda haifai tena. Barafu izungushiwe taulo au magazeti, dawa ikae katikati, boksi lisiwekwe kwenye buti la basi. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kusafirisha dawa za ubaridi kutoka Dar kwa saa chache kunawezekana. Kinachokosekana ni utaratibu wa kupokea mzigo na kusoma kipimajoto stesheni.

Sindano ya hCG ina njia ya kuihakiki isiyozidi bei ya kipimo cha mimba cha mkojo. Asubuhi baada ya kudungwa usiku, kipimo kinapaswa kuonesha mistari miwili, kwa sababu hCG ndiyo hiyo hiyo kinachoitafuta. Mstari ukiwa mmoja, kliniki ipigiwe simu mara moja, maana mayai huvunwa saa 34 hadi 36 baada ya sindano na bado kuna muda wa kuamua la kufanya. Kwa sababu hiyo hiyo, kipimo cha mkojo ndani ya siku 10 hadi 14 baada ya sindano hiyo kinaweza kumpa mtu furaha isiyo ya kweli. Aelezwe mapema.

Projesteroni watu husahau kuiwekea bajeti. Akitumia ya kuweka ukeni mara mbili kwa siku, ni vidonge 28 hadi kipimo cha mimba, na 84 zaidi akiendelezwa wiki 6. Tumeona cheti kinasimamishwa mwezi wa kwanza wa ujauzito kwa kukosa fedha. Kliniki ilazimike kumpa mgonjwa hesabu nzima, hadi kidonge cha mwisho, kabla ya sindano ya kwanza.

Mheshimiwa Waziri, tunayo rasimu ya orodha ya dawa hizi kwa majina yake halisi, nguvu, ukubwa wa pakiti na idadi inayohitajika kwa kila mzunguko, iliyopangwa kwa mfumo wa Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu. Tuko tayari kuileta Mtumba na kuipitia na wataalamu wako mstari kwa mstari, pamoja na Bohari ya Dawa, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya na Baraza la Famasi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Wafamasia, wauguzi na wataalamu wa maabara,
Dodoma na Singida