Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Adhabu ya Kukatika Katikati ya Mbio

Wanachama wenzangu wa chama cha mbio za magari za kompyuta, zinazoshindaniwa mtandaoni,

Mkutano mkuu wa mwaka huu una ajenda kadhaa, lakini karibu malalamiko yote yaliyonifikia katika mwaka 2024 yalihusu jambo moja, nalo ni alama za kiwango, yaani zinazopima uhodari wa dereva na kumpangia kundi, anazopokonywa dereva ambaye mtandao wake umekatika kabla mbio hazijaisha. Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na kuhusu ada sina la kuongeza, kwa kuwa wanaodaiwa wanajijua. Ratiba ya msimu ujao mtaipata kwa katibu. Naomba basi niitumie nafasi yangu kulieleza suala hilo moja, kwa sababu kamati inaleta pendekezo la kubadilisha kanuni, na si vyema mlipigie kura kabla ya kulielewa.

Kanuni tuliyo nayo ni fupi. Dereva akikatika kwa sababu yoyote ile, huhesabiwa kuwa wa mwisho, na kiwango chake hushushwa kama cha mtu aliyeshindwa na kila aliyebaki barabarani. Kanuni hiyo hatukuibuni sisi, bali tuliifuata kutoka kwenye majukwaa makubwa. Katika iRacing, jukwaa la Marekani lililofunguliwa mwaka 2008, dereva aliyekatika anaweza kurudi na kuanzia piti, yaani kituo cha matengenezo kando ya njia, akiwa amepoteza mizunguko, lakini asiporudi nafasi yake huzidi kuporomoka kadiri wenzake wanavyompita, na kiwango chake hupimwa kwa nafasi aliyoishia. Seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mbio, haimuulizi mtu yaliyomsibu, kwa kuwa haiwezi kujua. Kwake, aliyepotelewa na stima na aliyechomoa waya kwa hasira ni kitu kimoja, yaani ukimya.

Ili tuone ukubwa wa adhabu hiyo, hatuna budi kuangalia hesabu yenyewe. Mfumo wetu wa alama unatokana na ule wa Arpad Elo, mwanafizikia wa Marekani mwenye asili ya Hungaria, aliyeutunga kwa ajili ya mchezo wa sataranji, na FIDE, shirikisho la dunia la mchezo huo, liliupokea mwaka 1970. Mfumo huo ni wa kutabiri. Dereva mwenye alama 1,700 akikutana na mwenye alama 1,500, hutarajiwa kumshinda takriban mara 76 katika kila mara 100. Tuseme alama 20 ndizo nyingi kabisa zinazoweza kuhama kati ya wawili hao katika mbio moja. Mwenye 1,700 akishinda atapata karibu 5 tu, kwa kuwa amefanya lililotazamiwa, lakini akishindwa atapoteza 15. Hivyo kukatika mara moja hufuta faida ya kumshinda mpinzani huyo mara tatu, na hesabu hiyo hurudiwa kwa kila dereva aliyekuwa kwenye mbio, nayo humwelemea zaidi yule aliye hodari kuliko wenzake.

Tena alama hizo 15 hazipotei. Huingia mfukoni mwa dereva ambaye hakumpita mtu, na wiki inayofuata dereva huyo hupangwa katika kundi la walio juu yake na kushindwa vibaya, wakati aliyekatika hushushwa chini na kuwatesa wanaoanza kujifunza. Wanachama wa Nakuru walioandika kulalamika kuhusu makundi yasiyolingana, bila kutaja kukatika hata mara moja, walikuwa wakilalamikia jambo hili hili kwa upande wake wa pili. Kiwango kilichokusudiwa kupima mkono wa dereva kimeanza kupima rauta yake, kile kifaa kinachosambaza mtandao nyumbani.

Mwaka wenyewe haukutusaidia. Jumapili ya tarehe 12 Mei nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika upande wa kusini mwa Afrika, na mtandao ukazorota Kenya na katika nchi jirani. Tarehe 6 Septemba, saa tatu asubuhi kasoro dakika chache, sehemu kubwa ya nchi ilikosa umeme kwa mpigo. Hata hivyo matukio makubwa kama haya hayaisumbui kamati hata kidogo, kwa sababu kila mtu huyaona na hakuna anayebishana kuyahusu. Yanayotusumbua ni yale madogo: transfoma ya mtaa mmoja, tawi la mti lililoangukia waya, umeme unaopepesa kwa nukta moja tu na kuifanya rauta ijizime na kuchukua dakika kadhaa kurudi hewani. Walioko Kisumu na Kakamega wanazijua vyema mvua za radi za alasiri zinazotoka upande wa ziwa, na ndiyo maana ratiba mpya imehamisha mbio ndefu kutoka jioni hadi Jumamosi saa nne asubuhi. Hatua hiyo kamati iliichukua bila kungoja kura, nami naamini itapunguza malalamiko kuliko kanuni yoyote tutakayoandika.

Baadhi yenu mlipendekeza tuihamishe seva kutoka Ulaya hadi Afrika Kusini. Ni kweli kwamba umbali una gharama yake, kwani mwanga ndani ya nyuzi za faiba huhitaji takriban milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000, kwenda tu bila kurudi. Lakini kuchelewa kwa mawimbi si kukatika. Gari la anayechelewa huonekana likirukaruka machoni pa wenzake, lakini bado limo mbioni. Isitoshe, nyaya zilizoharibika mwezi Mei ni zile zile zinazoelekea kusini, kwa hivyo uhamisho huo ungetuacha pabaya zaidi siku hiyo. Pendekezo hilo tumeliweka kando.

Wapo wanaotaka adhabu ifutwe kabisa, na wapo wanaotaka ibaki kama ilivyo. Hawa wa pili wana hoja nzito, nami sitaki ipuuzwe. Mwanachama mmoja mkongwe alinikumbusha mashindano ya magari ya Safari Rally, yanayopita Naivasha katika kaunti yetu ya Nakuru. Gari likivunjika pale, alisema, hakuna msimamizi anayeuliza kama kosa ni la dereva, la fundi au la jiwe. Dereva hukaa nje, na akiruhusiwa kurudi kesho yake hurudi na adhabu ya muda. Kwa nini stima ihesabiwe tofauti? Jibu langu ni kwamba hoja yake ni sahihi kuhusu matokeo, ila haigusi kiwango. Matokeo ni kumbukumbu ya lililotokea siku ile, na aliyekatika hakumaliza, basi asipewe nafasi wala alama za ubingwa. Kiwango ni makadirio ya namna dereva atakavyofanya siku nyingine, na kukatika kwa umeme mtaani kwake hakutuelezi lolote kuhusu breki zake. Tumekuwa tukiyachanganya mambo haya mawili kwa kuwa yote huandikwa kwa tarakimu.

Kuifuta adhabu kabisa nako ni kuwafungulia mlango wajanja. Dereva anayejua kwamba kukatika hakuna gharama atachomoa waya kila mbio zinapomwendea vibaya, na baada ya miezi michache kiwango chake kitakuwa kimejengwa kwa siku zake njema pekee. Kamati imezipitia kumbukumbu za seva, na bila kumtaja mtu, yupo dereva ambaye stima yake, kwa maelezo yake mwenyewe, hupotea kila anapogongwa kwenye kona ya kwanza. Tunamtakia transfoma yenye subira zaidi.

Kuhusu ushahidi, wengine walishauri kila aliyekatika alete picha au barua ya mtoa huduma wake. Kamati ilikataa. Picha ya nyumba yenye giza inathibitisha kwamba ni usiku tu, na barua ya mtoa huduma, ikiwa itapatikana, itafika baada ya mbio mbili au tatu kupita. Zaidi ya hayo, sioni vizuri kamati ya watu wanaofahamiana ikikaa kuamua nani mkweli na nani mwongo. Tokeni za umeme zikimwishia mtu katikati ya mbio, je, huo ni mkosi au ni uzembe? Tulibishana jioni nzima bila kuafikiana, na ubishi huo ndio ulionishawishi kwamba kanuni nzuri haipaswi kutegemea sababu ya kukatika hata chembe. Inapaswa kutegemea yale ambayo seva inayaona.

Kwa msingi huo tunapendekeza yafuatayo. Matokeo ya mbio yabaki kama yalivyo sasa. Kwa upande wa kiwango, aliyekatika ahesabiwe kwa nafasi aliyokuwa nayo alipokatika, au kwa nafasi ambayo kiwango chake kilitabiri, na kati ya hizo mbili ichukuliwe iliyo mbaya zaidi. Aliyetabiriwa kumaliza wa 4, akikatika akiwa wa 2, atahesabiwa wa 4, na alama zake hazitasogea sana. Akikatika akiwa wa 9, atahesabiwa wa 9. Kwa njia hiyo hakuna atakayenufaika kwa kuchomoa waya akiwa mbele, na asiye na hatia hatalipa zaidi ya kile alichokuwa amekipoteza mwenyewe barabarani.

Unabaki mwanya mmoja, na mwanachama wa Eldoret aliuona kabla ya kamati. Dereva aliyeharibu gari akiwa wa 5, ambaye anajua kwamba kabla ya mwisho atakuwa wa 20, angechomoa waya ili abaki wa 5. Kwa hiyo, ikiwa ndani ya mizunguko miwili kabla ya kukatika seva imeandika mgongano mkubwa au kupoteza udhibiti wa gari, adhabu ya zamani itatumika nzima nzima. Nakiri kwamba siku moja kanuni hii itamwangukia mtu aliyegongwa na kisha stima ikapotea kweli. Tumeyapima hayo, tukaona ni heri dhuluma ya nadra kuliko ujanja wa kila wiki. Na ikiwa theluthi moja ya walioanza watakatika ndani ya dakika moja, mbio hizo hazitahesabiwa katika kiwango cha yeyote, maana hapo tatizo ni la seva au la eneo zima. Matatizo ya namna hiyo huwapata hata wakubwa: katika mashindano ya Le Mans ya mtandaoni ya saa 24, Januari 2023, mbio zilisimamishwa kwa bendera nyekundu kwa sababu ya hitilafu za seva, na Max Verstappen, bingwa wa dunia wa Formula 1 wakati huo, alikatika akiwa anaongoza.

Kipengele kilichotugawa ni cha marudio. Pendekezo linasema kwamba atakayekatika zaidi ya mara tatu katika mbio zake kumi za karibuni atarudishiwa adhabu ya zamani hadi idadi hiyo ishuke, hata kama sababu zote ni za kweli. Wajumbe wengine walitaka mara mbili. Mimi nilisimamia tatu, na naeleza sababu zangu waziwazi. Kila adhabu ya kukatika, tuipambe vyovyote, humwangukia zaidi anayeendesha kwa bando la simu kuliko mwenye faiba na betri ya akiba, na chama chetu hakikuundwa kwa ajili ya wenye betri peke yao. Lakini kumwachia bila kikomo mtu anayetoweka kila Jumamosi nako ni kuwaonea walio nyuma yake, ambao hulikwepa gari linalosimama ghafla katikati ya njia kabla seva haijaliondoa.

Hapa niongeze neno kuhusu betri, kwani kuna pendekezo kwamba chama kinunue chache za kuazimisha. Rauta hutumia wati kumi hivi, na betri ndogo itaishikilia kwa saa kadhaa. Kompyuta ya mbio pamoja na skrini yake hula mamia ya wati, na usukani wenye mota nao unataka umeme wake. Betri ndogo basi itamfaa anayepepesewa na umeme na mwenye kompyuta inayovumilia nukta hiyo moja, au anayetumia kompyuta ya mkononi. Haitamwokoa aliyekosa umeme kwa saa nzima. Naunga mkono tuanze na za rauta pekee, mhazini akiona fedha zinatosha.

La mwisho ni ombi la wanachama wawili wanaotaka alama zao za mwaka 2024 zihesabiwe upya kwa kanuni mpya. Kamati haikubali. Kila alama waliyoipoteza iliingia kwa mwenzao ambaye hakuvunja kanuni yoyote, naye amekwisha kupangwa, kushinda na kushindwa kwa alama hizo kwa miezi mingi, na hakuna namna ya kumrudishia mmoja bila kuvuruga hesabu ya wote. Kanuni ikipita itaanza kutumika katika mbio za kwanza za msimu mpya. Kura inahitaji theluthi mbili za waliohudhuria, na vipengele vitapigiwa kura kimoja kimoja, ili wasioridhika na idadi ya mara tatu wasilazimike kuyakataa mengine. Mwenye idadi nyingine ampe katibu kwa maandishi kabla ya kura kuanza.